Cheka, Kisha Mjibu Mtoto

Katika darasa la awali la shule moja ya msingi wilayani Muleba, mwalimu aliuliza swali ambalo wengi wetu tumewahi kuulizwa: una ndizi tano, umekula mbili, zimebaki ngapi? Mtoto wa miaka mitano akasimama, mikono nyuma, akajibu: "Hazibaki, mwalimu. Nyumbani tuko saba." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akaandika 3 ubaoni, somo likaendelea.

Aliyenisimulia kisa hicho ni mwalimu mwenyewe, na hakukisimulia kwa ajili ya kunichekesha. Wakati wa mapumziko alimwita yule mtoto, akamwuliza hao saba ni akina nani. Mtoto akahesabu kwa vidole: bibi, yeye, dada yake, na binamu wanne. Mtu mzima mwingine hakuna. Daftari la mahudhurio lilikuwa na jina la mtoto na umri wake. Jibu lake lililokosewa ndilo lililokuwa na habari za nyumba nzima: nani analea, nani anakula, na kwa nini mtoto huyu husinzia kabla ya saa nne.

Tangu nisikie kisa hicho nimekuwa nikisikiliza kwa makini kicheko chetu sisi wakubwa, hapa Bukoba mjini na kule Muleba ninakokwenda mara kwa mara. Watoto wadogo husema maneno ya kuvunja mbavu, nasi tunayapenda. Tunayasimulia kwenye harusi, tunayapelekeana kwa simu, tunayakumbuka hata wenyewe wakishakuwa na ndevu. Lakini mara nyingi kicheko chetu ndicho kinachofunga mazungumzo. Mtoto amesema jambo, wakubwa wamecheka, basi, limekwisha. Hoja yangu leo ni hii: kucheka hakutoshi. Mtoto aliyesema kweli anadai jibu, na tunapomnyima jibu kwa miaka mingi tunamfundisha kunyamaza, kisha siku moja tunashangaa kwa nini alinyamaza.

Tuanze na raha yenyewe, maana ipo. Msimu wa senene, Novemba kuelekea Desemba, nilikaa uani na familia moja ya Kamachumu wakinyonyoa. Karai lilikuwa katikati ya mkeka. Senene wa kijani na wa kahawia walikuwa bado wanarusharusha miguu, na vidole vya kila mtu vilishika ule unato usiotoka kwa maji matupu. Bibi wa nyumba ile, mwanamke aliyeona mengi, alikuwa akiwasimulia wajukuu mambo ya utoto wake. Zamani, alisema, wanawake na watoto ndio waliokwenda kuwakamata senene alfajiri kwenye umande, ndio waliowanyonyoa, ndio waliowakaanga, lakini kula ilikuwa ni haki ya wanaume. Mwanamke hakula senene, hakula kuku, hakula mayai. Mjukuu wa kike wa miaka kama mitano akaacha kunyonyoa, akamtazama senene aliyekuwa mkononi mwake. "Sasa bibi," akauliza, "senene alikuwa anajuaje kwamba huyu anayenila ni mwanamke?"

Wote tukacheka hadi mkeka ukasogea. Bibi alicheka kuliko sisi, akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja, upande usio na unato. Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hatulifanyi: akamjibu. "Alikuwa hajui," akasema. "Na sisi hatukuuliza." Binti akatikisa kichwa kwa uzito, akaendelea na kazi yake. Mwiko uliodumu vizazi na vizazi ulikuwa umepimwa na mtoto, ukaonekana kwamba hauna mguu wa kusimamia, na bibi yake hakuona haya kukiri hivyo mbele ya wajukuu.

Kisa kingine ni cha kijiji kimoja upande wa Bukoba Vijijini, na wenyeji wa Kagera watakitambua mara moja. Tunazo nyumba nyingi nzuri vijijini, zimejengwa na ndugu walioko Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi. Mabati ya rangi, vigae, madirisha ya vioo. Zinafunguliwa Krismasi na kwenye misiba, siku nyingine zinakaa na mlinzi. Mama mmoja alikuwa akipita na mwanawe wa miaka minne mbele ya nyumba kama hiyo, akamwambia kwa fahari: "Unaona? Hii ni nyumba ya baba mkubwa." Mtoto akakataa. "Hapana, mama. Hii ni ya mlinzi. Baba mkubwa ni mgeni." Mama alicheka mpaka akasimama njiani. Aliponisimulia aliongeza kwamba hakuweza kumpa shemeji yake salamu hizo. Nikamwuliza kwa nini. Akasema: "Kwa sababu ni kweli."

Hapo ndipo penye kiini. Maneno ya watoto yanachekesha kwa namna ya pekee kwa sababu mara nyingi yanataja jambo ambalo kila mtu mzima aliyepo tayari analijua. Mtoto hakugundua siri. Alichofanya ni kusema hadharani yale ambayo ukoo mzima umekubaliana, bila kikao wala muhtasari, kwamba hayasemwi. Mtoto wa miaka minne ana macho mazima na ana akili ya kuunganisha anayoyaona: anayelala humu ndiye mwenye nyumba. Kitu asichokuwa nacho bado ni orodha ya mambo ya kunyamaziwa. Orodha hiyo tutampa sisi, mwaka baada ya mwaka, kwa jicho kali, kwa kidole mdomoni, na kwa kicheko.

Waliochunguza akili za watoto duniani walianzia hapohapo. Jean Piaget wa Uswisi, alipokuwa kijana akifanya kazi Paris ya kusaidia kutayarisha vipimo vya akili, alivutiwa na majibu yaliyokosewa kuliko yaliyopatiwa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna inayofanana, na kwamba nyuma ya kosa kuna hoja. Kuanzia miaka ya 1920 akawa anaketi na watoto na kuwauliza kwa subira: kwa nini unasema hivyo? Urusi nako mwandishi wa watoto Kornei Chukovsky alikusanya kwa miaka mingi maneno ya watoto wa miaka miwili hadi mitano, akayachapisha katika kitabu kilichotolewa tena na tena, akisisitiza kwamba mtoto wa umri huo ni mfanyakazi hodari wa akili. Mwalimu wetu wa Muleba, alipomwita mtoto wa "tuko saba" wakati wa mapumziko, alifanya kazi ileile ya Piaget, bila maabara na bila mshahara wa profesa.

Na hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta heshima kwa anayeona. Ngano za Wahaya zina utaratibu wake wa kuanza. Msimulizi anapofungua ngano jioni, wasikilizaji humwitikia kwa kumtaka aone, ili nao wapate kuona. Mtafiti Mmarekani Peter Seitel, aliyeishi na kukusanya ngano huku, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 jina linalotokana na mwitikio huo. Mababu zetu walifahamu kwamba mtu mmoja anaweza kuwaonesha wengi jambo walilokuwa wamelikalia, na kwamba kazi ya wengi ni kumwitikia ili asikatike. Nami nauliza: anayetuonesha akiwa na umri wa miaka minne, kwa nini tusimwitikie?

Lipo tukio la mkoa huu linalotufundisha upande wa pili, yaani yanayotokea mtoto anapokosa mahali pa kusema. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wakafuata wengine. Wasichana 95 kati ya 159 wa shule ile walipatwa, kila mmoja kwa saa chache au kwa siku kadhaa, wengine hadi siku 16. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukaenda nao. Nshamba, ambako baadhi ya wasichana wale walitoka, watu 217 walipatwa mwezi Aprili na Mei, wengi wao wanafunzi na vijana. Kashasha ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakapatwa tena, ikafungwa upya. Mwezi Juni ilikuwa zamu ya shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini, wasichana 48.

Dunia inakisimulia kisa hiki kama kichekesho: kijiji cha Afrika kilichocheka mpaka shule zikafungwa. Waliokichunguza hawakukiona hivyo. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, walieleza kicheko kilichochanganyika na kilio, mahangaiko ya mwili, na kukimbiakimbia. Baadhi ya wasichana walisema wanahisi kuna mtu anawafukuza. Watu waliogopa labda hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki. Vipimo vya maabara havikuonesha sumu wala vijidudu. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Watafiti waliorejea kisa hicho baadaye, akiwemo Christian Hempelmann katika makala yake ya mwaka 2007, wanakubaliana kwamba kicheko kile hakikuhusu furaha. Ulikuwa mfadhaiko wa watoto walio mbali na nyumbani, chini ya ukali wa bweni, katikati ya mabadiliko makubwa ya nchi, ukatafuta mlango wa kutokea.

Mimi nasoma kisa cha Kashasha kama barua ambayo haikuandikwa. Walikuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18. Utotoni walikuwa kama yule binti wa senene, wenye maswali mdomoni. Hadi kufika bwenini walikwisha kupewa orodha kamili ya yasiyosemwa: usilalamike, usimjibu mkubwa, ukipata nafasi ya shule shukuru. Mtoto aliyefungwa mdomo hatoweki. Yatakayokosa njia ya maneno yatatoka kwa machozi, kwa kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, kwa utoro, kwa hasira, na mwaka ule wa 1962 yalitoka kwa kicheko.

Nshamba hiyohiyo, miaka zaidi ya 30 baadaye, ilituonesha njia nyingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Bukoba Mjini ana maambukizi. Tulizika, tukazika tena. Na kwa watoto tulinyamaza. Mtoto aliuliza mama yuko wapi, akaambiwa amesafiri. Aliuliza kwa nini baba amekonda, akapelekwa kucheza. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, tukidhani tunamwepusha na uchungu. Lakini mtoto alikuwa ameliona kaburi jipya kwenye kibanja, kati ya migomba, na alikuwa anajua kuhesabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kukaanzishwa Nshamba mradi wa Humuliza, uliojengwa juu ya wazo kwamba yatima anahitaji chakula na daftari, na pia anahitaji mtu wa kumsikiliza akisimulia aliyopoteza. Walimu na walezi walifundishwa kusikiliza. Kutoka hapo yatima wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi wao, wakasaidiana wao kwa wao. Mwaka 2003 ukafuata mradi wa Kwa Wazee, wa kuwapa bibi wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Ripoti ya tathmini yake ya mwaka 2008 ilichapishwa kwa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Naipenda ripoti hiyo kwa jina lake. Mwulize mtoto wa miaka sita nyumbani mnakosa nini, hatasema kipato cha kaya. Atasema chumvi. Na mpango unaoanzia kwenye chumvi hufika nyumbani.

Sheria zetu nazo zimekwisha kusema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Mwaka 2016 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi mahakamani bila kiapo, alimradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Fikiria uzito wa jambo hilo. Hakimu aliyevaa joho anaweza kukaa kimya akamsikiliza mtoto wa miaka sita, na neno lake likapimwa kama neno la mtu. Jikoni kwetu mtoto huyohuyo hamalizi sentensi.

Na hili la mahakama silitaji kwa kupamba. Wanaowadhuru watoto kwa kawaida si wageni waliotoka mbali. Ni jirani, ni mjomba, ni mtu anayeaminiwa. Mtoto anayedhuriwa huanza kusema kwa maneno ya kitoto, nusunusu, yanayoweza hata kuchekesha: fulani ananukia vibaya, sitaki kulala kule, mjomba ana mchezo mbaya. Kama amezoea kwamba kila akisema watu hucheka na kugeukia mambo yao, atajaribu mara moja, hatarudia. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo na ni ya bure, madawati ya jinsia na watoto yapo vituo vya polisi, maofisa ustawi wa jamii wapo. Vyote hivyo vinaanza kazi pale tu mtu mzima wa kwanza anapolichukua neno la mtoto kuwa ni habari.

Najua kuna wazee watakaonijibu, na nawaheshimu. Watasema: mtoto asiyefundishwa kunyamaza hana adabu, na nyumba haiendeshwi na mtoto wa chekechea. Watasema pia kwamba watoto husema uongo na hukariri waliyoyasikia. Yote hayo ni kweli. Mtoto aliyemwambia mgeni mlangoni "baba amesema hayupo" anahitaji kufundishwa jambo, ila tukumbuke kwamba na baba anahitaji. Adabu ni kujua mahali na wakati. Mwambie mtoto: hili umeliona sawasawa, ila hatulisemi mbele ya watu, njoo tulizungumze nyumbani. Kisha lizungumzwe kweli. Mtoto wa namna hiyo anapata adabu na anabaki na macho yake. Aliyefokewa tu anapata woga, na akikua tutauita woga huo heshima, mpaka siku tutakapomtafuta mtu wa kusimama kwenye mkutano wa kijiji aulize fedha za maji zimekwenda wapi, tusimpate.

Kuna na hili la siku hizi. Mtoto akisema neno la kuchekesha, simu zinatolewa. Anaambiwa arudie, rudia tena, sema kama ulivyosema mwanzo. Jioni video imefika kwa watu ambao hata hawamjui, wakimcheka. Mara ya kwanza alisema alichokiona. Mara ya tatu anasema kinachofurahisha wakubwa, na hapo tumekwisha kuharibu kile tulichokipenda. Atakapokuwa na miaka 15 video hiyo bado itakuwepo, na ruhusa yake hatukuiomba. Ukitaka kumbukumbu, andika neno lake kwenye daftari, weka tarehe na umri. Litadumu, na litabaki mali yenu.

Kwa wazazi, ombi langu ni dogo. Mtoto akisema jambo likawachekesha, chekeni, maana kicheko cha nyumbani ni baraka. Kisha mwulizeni swali moja tu: umeonaje mpaka ukasema hivyo? Na msubirini. Watoto hufikiri kwa mwendo wao, na ukimya wa nusu dakika ambao sisi huuona mrefu wao wanautumia.

Kwa walimu, najua mzigo wenu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia hawezi kufuatilia kila jibu. Lakini jibu moja kwa siku linawezekana. Chagueni lile lililokosewa kwa namna ya ajabu, mkamwulize mwenye jibu wakati wa uji. Mwalimu aliyefanya hivyo Muleba alitoka na taarifa ya kaya yenye watoto sita na mlezi mmoja mzee, akaipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Na kwa koo zetu za Kagera, zinazokutana kila Desemba watu wanapotoka mijini: kwenye kikao cha ukoo mwaka huu, kabla ya michango, kabla ya mipaka ya vibanja, kabla ya hotuba za waliofanikiwa, mpeni nafasi mdogo kuliko wote mwenye kuweza kusema. Azungumze kwanza, kabla hajasikia jibu linalotakiwa. Mwulizeni anaonaje ukoo huu, nani anamkosa, nini kinamwogopesha. Huenda akasema jambo litakalowaangusha vicheko. Huenda akamtaja mtu aliyekaa palepale. Mwenyekiti aliandike kwenye muhtasari kama mnavyoandika la mwingine yeyote, na kikao kisifungwe kabla mtoto hajapata jibu lake.